Mwanafunzi wa Sanaa Ugenini

Mwanafunzi wa utabibu aendapo ng'ambo hujua atakalorudi nalo. Mfupa wa mguu ni ule ule Moshi na London, na aliyejifunza kuuunga huko ataweza kuuunga na huku. Mwanafunzi wa sanaa hana salama hiyo. Kwake yeye kinachofundishwa ni jicho, na jicho likizoea kuona kama waonavyo wenyeji wake, huenda likapoteza njia yake ya kuona kwao. Kwa hiyo safari yake ina hatari ambayo safari za wenzake hazina, na yafaa itazamwe kwa mfano wa watu walioipita.

Katika miaka ya 1950 vijana wawili wa Afrika walisoma katika chuo cha Slade, mjini London, kilichofunguliwa mwaka 1871. Mmoja alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame katika Kilimanjaro, aliyekuwa huko tangu 1952 hata 1955. Wa pili alikuwa Ibrahim El-Salahi, mzaliwa wa Omdurman katika Sudan, aliyekuwa huko tangu 1954 hata 1957. Chuo hicho kilisifika kwa kufundisha kuchora mwili wa mtu: mwanafunzi huketi mbele ya mtu aliye uchi, akampima kwa jicho kiungo kwa kiungo, akarudia kazi hiyo mpaka mkono wake utii. Si vigumu kuwaza jinsi somo hilo lilivyokuwa geni kwa kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya utupu wa mtu mzima.

Ntiro hakuenda mikono mitupu. Makerere alikuwa amefundishwa na Margaret Trowell, ambaye mwenyewe alisoma Slade, lakini hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwasimulia jambo kwa maneno, kisha kila mmoja akachora kama alivyoliona moyoni mwake. Desturi hiyo Ntiro alikwenda nayo, na akarudi nayo. Katika picha zake za baada ya London imo migomba, vimo vihamba, wamo watu wadogo wadogo walioshika kazi kwa pamoja. Anayependa lawama aweza kusema kwamba alikwenda kisimani akarudi bila ya maji. Jawabu ni kuwa mtungi wake ulikuwa umejaa kabla ya safari, na kuulinda usimwagike njiani ni kazi vile vile.

El-Salahi alipata jaribu jingine. Aliporudi Khartoum alitundika kazi zake katika Grand Hotel. Watu walikuja siku ya ufunguzi, kisha ukumbi ukawa kimya. Hakuna aliyemtukana, walimwacha tu. Kimya kile kilimfundisha jambo ambalo chuo hakikumfundisha. Akaiacha brashi kwa muda, akazunguka nchini mwake akitazama mapambo ya nyumba na ya vyombo, na hati za Kiarabu ambazo watu huzitundika ukutani. Hati hizo hazikuwa ngeni kwake, kwa kuwa baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, naye alijifunza kuziandika utotoni. Kwanza alizitia pembeni mwa picha. Baadaye akazivunja, na katika vipande vya herufi yakamtokea maumbo ya watu na wanyama. Mwaka 2013 kazi zake zilifanyiwa maonyesho makubwa katika Tate Modern, katika mji ule ule alimokuwa mwanafunzi.

Methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa hutupiwa mara nyingi kijana arudiye kutoka ng'ambo. Ni methali ya kweli, lakini haisemi kuwa asiyetoka kwao ni mwungwana. El-Salahi asingaliweza kuivunja herufi kwa adabu ile lau mkono wake haukupimwa kwa somo gumu. Wala asingalijua cha kuvunja lau hakurudi akasimama mbele ya majirani zake. Ugeni ulimpa chombo, nyumbani kukampa kazi ya chombo.

Limebaki jambo moja lisilo na faraja. Picha moja ya Ntiro ya mwaka 1956 yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Mwenye mbege kihambani kwake angeitambua mara moja, pasipo mwalimu. Picha hiyo ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mchoraji alirudi kwao salama, na jicho lake likarudi. Kazi yake ndiyo iliyobaki ugenini. Basi chuo kinachompeleka kijana ng'ambo hakijamaliza wajibu wake kwa kumlipia nauli ya kwenda na kurudi. Chapaswa pia kumwandalia ukuta atakapotundika alichokiona, mahali ambapo watu wake hupita.