Ardhi ya Farasi
Apandaye mpaka Fairplay, mji wa Colorado katika Marekani ulio mita 3,000 na zaidi juu ya bahari, huona uwanda mpana wa majani akadhani amekwisha kupata makao ya farasi wake. Macho hununua upesi. Akili huuliza maji. Katika jimbo lile maji yana sheria yake mbali na ardhi: aliyetangulia kuyatumia hutangulia kuyapata. Kisima cha kiwanja kisichotimiza eka 35 mara nyingi huruhusiwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba tu. Farasi, ahitajiye lita 30 hivi kwa siku, hana haki ndani yake. Basi mwenye busara husoma hati ya kisima kabla ya kusifu milima. Asiyeisoma hulipia malisho, akapata mandhari.