Kutoka Tope la Hanang hadi Maji ya Jambiani

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya kila aliyeogopeshwa na maji, hasa ndugu zangu wa Hanang.

Sisi wa Mogitu, wilayani Hanang, hatukukulia baharini. Ziwa tunalolijua ni Balangida, maji ya chumvi. Mvua na chemchemi zetu tunazitazamia kwenye Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomosha tope, mawe na magogo hadi mjini Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nilikuwa kati ya waliokwenda kufukua. Sitaeleza tulichokiona. Tangu hapo, mvua ikigonga bati usiku nilikaa kitandani macho wazi hadi kunakucha.

Kazi ikanipeleka Unguja, jikoni kwenye hoteli moja ya Jambiani. Bahari ilikuwa mlangoni na mimi nikiipa mgongo. Aliyenigeuza ni bibi mmoja mkulima wa mwani. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na siku moja akanishika mkono.

"Mwanangu, bahari ina saa zake. Zijue kwanza, woga utapungua wenyewe."

Akanifundisha tukiwa nchi kavu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hufika kama mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hayo ndiyo ya mwanafunzi. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50. Pwani ile ina mwamba wa matumbawe mbali na ufuo, wenye mapengo waitayo milango. Maji yakipwa hukimbilia humo, na kila kinachoelea huyafuata. Viatu usivue, maana kuna miiba myeusi na mawe yanayokata. Usiingie peke yako. Ndipo akaniingiza hadi kiunoni, akaniweka kiganja mgongoni, akanifundisha kulala juu ya maji. Nililia, naye hakuniharakisha.

Nilikuwa nimeshajua kuogelea siku mkondo uliponishika. Kusi lilivuma kwa nguvu, maji yakageuka, ufuo ukawa unarudi nyuma. Mwili wote ulitaka kupigana kurudi nilikotoka. Huko ndiko watu wanakochoka na kuzama, hata waogeleaji hodari. Nikalala chali kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi, nikapunga mkono. Mwenzangu aliyekuwa ufuoni akapiga kelele kwa wavuvi. Nilipotulia nikapiga maji kuambaa na ufuo, bila kushindana na mkondo, mpaka nikahisi umelegea. Ngalawa ilinikuta nimeshatoka kwenye mvuto wake. Nilitetemeka sana, lakini kesho yake jioni nilirudi majini pamoja na bibi.

Siku hizi naogelea kwa raha, tena naicheka mvua. Wageni wakitaka kuendesha kaiti au kuruka majini, nawaambia wawaulize kwanza wakulima wa mwani na wavuvi, wanaoijua bahari hii kwa miguu yao. Wapwa zangu wa Mogitu wanakuja likizo. Wiki watakayofika nimeipanga iwe ya maji mafu, na bibi ameshakubali kuwafundisha.