Mkutano wa Saa Nne Asubuhi

Kipkelion ni mji uliozaliwa na reli. Wazee bado wanalikumbuka jina la zamani, Lumbwa, jina la stesheni katika njia ya reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901. Tangu mwanzo, basi, aliyeamua mji ukae wapi alikuwa mtu wa mbali mwenye ramani, na wenyeji wakajipanga kumfuata. Huuwaza mwanzo huo kila ninapowasikia watu wakilalamikia leseni, kibali cha ujenzi, au kibanda kilichopakwa alama ya X nyekundu.

Hadi 2013 tulikuwa na Baraza la Mji, lenye madiwani wake. Baada ya uchaguzi wa Machi mwaka huo, mabaraza ya namna hiyo yalifutwa nchini kote na kazi zake zikaingia mikononi mwa kaunti: mipango ya ardhi, masoko, leseni za biashara na za pombe, taa za barabarani, barabara za mitaani. Siyalilii mabaraza yale. Mengi yalijulikana zaidi kwa kudai ushuru kuliko kwa kuzibua mtaro. Lakini diwani ulikutana naye sokoni akinunua nyanya, ukamwambia lako hapo hapo.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ninachokipenda kwa dhati. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inasema kwamba mwombaji wa kibali cha ujenzi asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali hicho kitahesabiwa kuwa kimetolewa. Aliyekiandika alimjua vizuri mtu anayezungushwa kwa maneno ya njoo kesho. Alitambua kwamba kumnyamazia mtu nako ni kumtendea. Tangu nikisome nimekuwa mwepesi wa kumjibu anayenisubiri, hata jibu likiwa hapana. Uchungu wangu ni kwamba mama anayetaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha karibu na stesheni hajawahi kuambiwa kuhusu kifungu hicho. Atasubiri mwaka mzima, au atatafuta mtu wa kumlainishia njia.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi lilitokea jirani, kwenye makutano ya Londiani, katika jimbo la Kipkelion Mashariki. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, likavamia matatu, boda boda na wachuuzi waliokuwa kando ya lami. Zaidi ya watu 50 walikufa. Palikuwa na watu wa viazi na kabichi, na abiria waliokuwa wakielekea nyumbani. Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Barabara, alifika na kusema kwamba masoko yataondolewa kandokando ya barabara kuu.

Nani angempinga? Na mimi nilisema wachuuzi waondoke. Kisha nikakaa nikajiuliza kwa nini walikuwa pale, na nikaona kwamba hapakuwa na ubishi wala ujinga. Makutano ndipo gari linapopunguza mwendo. Msafiri wa Kisumu hununua viazi kupitia dirisha la gari. Hateremki kutafuta soko lililojengwa nyuma ya maduka. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza 2009 uliahidi masoko ya mazao mabichi katika majimbo, na baadhi yake yalikaa miaka mingi bila mchuuzi ndani. Yalikuwa na paa na meza za saruji. Miguu ya wateja haikufika huko.

Kupanga soko bila kufikiria njia ya mteja ni kama ndugu wanaogawana shamba la baba yao. Kila mmoja huangalia ekari zake, mpimaji hupiga vigingi, chai hunywewa. Baadaye inagunduliwa kwamba hakuna aliyeacha njia ya kuteremka mtoni, na ugomvi huo hurithiwa na wajukuu.

Hapo ndipo ninapoukumbuka kokwet, mkutano wa majirani wa Kipsigis, uliokuwa ukiamua mambo ya njia, mipaka na mifugo. Ulikuwa na kasoro kubwa: sauti iliyotawala ilikuwa ya wazee wanaume. Lakini waliokaa pale ndio walioipita njia ile kila siku. Leo Katiba, katika Kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Tangazo la mkutano hutolewa gazetini, kwa lugha ya ofisi. Ada mpya za leseni husomwa ukumbini saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mama mboga yuko juu ya gunia lake, mkulima anasubiri gari la maziwa, kijana wa boda boda ana abiria. Wanaobaki ni sisi wenye nafasi: walimu wastaafu, wenye majengo, wanaotafuta zabuni. Tunachangia vizuri, tunatia sahihi, na karatasi inasema kwamba wananchi walishirikishwa.

Mimi huenda kwenye mikutano hiyo, na nitaendelea kwenda, kwa sababu ninaupenda mji huu. Ninachokidai sasa ni kidogo na kinawezekana. Mkutano wa soko ufanyike sokoni, siku isiyo ya soko, alasiri. Tangazo lisomwe kwa Kipsigis na Kiswahili redioni, na kanisani Jumapili. Ada zielezwe kwa shilingi za kila kibanda. Na ramani ya vibanda vipya isipitishwe kabla ya kuonyesha matatu zitasimama wapi, mbali na lami lakini mbele ya wachuuzi, pamoja na choo, taa na mahali pa kukinga mvua. Afisa wa mipango akileta ramani isiyo na kituo cha matatu, tumwombe kwa heshima airudishe ofisini, na tupange tarehe nyingine.