Mchaichai wa mama kwenye chupa ya jamu

Wadau, wiki hii chumba changu cha kupanga kimegeuka ghala la majani. Mama amenitumia kwa basi kutoka Lushoto furushi la mchaichai, nanaa na rozmari, kubwa kuliko yote aliyowahi kutuma. Sababu yake haikunifurahisha. Kile kipande nyuma ya nyumba ni cha ukoo, wameshagawana, na aliyepata upande ule anataka kujenga. Kwa hiyo huo ndio mvuno wa mwisho pale.

Sasa kukausha majani Dar si mchezo. Hewa yenyewe imebeba maji, chumvi ukiiacha wazi mezani asubuhi unaikuta imelowa. Jirani yangu, mama mkarimu sana, akanishauri niyaanike juu ya bati kama dagaa. Nilimshukuru ila sikumfuata. Dagaa tunataka akauke basi. Jani tunataka likauke na harufu yake ibaki, na harufu ile ni mafuta yanayoruka upesi. Jua kali huyaondoa pamoja na maji, na rangi nayo inapauka. Dawa ni kivuli chenye upepo.

Nanaa na rozmari nilizisuuza, nikazikung'uta, nikazifuta kwa kitambaa, kisha nikafunga vishada vya matawi matano sita na kuvining'iniza vichwa chini karibu na dirisha. Kishada kikiwa kinene kitakauka nje huku katikati kinaoza.

Mchaichai ndio wenye kazi. Ukate kwa mkasi ungali mbichi, vipande vya nusu kidole, na uangalie mikono maana kingo zake ni wembe. Nimeutandaza kwenye ungo, tabaka moja tu, naugeuza asubuhi na jioni. Magazeti ninayo rundo (kazi yenyewe ndiyo hiyo), lakini siyatumii: wino wake unashika vidole, sembuse jani bichi! Usiku nawasha feni, umeme ukiwepo.

Kotimiri usihangaike kuikausha, utabaki na nyasi. Kama una friza, ikatekate uigandishe.

Jani likisagika ukilifinya, na kijiti kikikatika ta, limekauka. Mimi natumia chupa za jamu zilizokauka kabisa, zenye vifuniko vya kubana, na naweka majani mazima kwa sababu ukisaga mapema harufu inakimbia. Chupa zikae gizani, mbali na jiko. Siku tatu nne za mwanzo zichungulie: ukiona kioo kimetoa jasho ndani, mwaga yote kwenye ungo haraka kabla ya kuvu. Andika tarehe. Yakitunzwa hivyo, harufu hukaa miezi sita hadi mwaka. Wakati wa kupika, kijiko kimoja cha makavu kinatosha pale ulipozoea vitatu vya mabichi.

Kwa sisi tunaolipwa kwa habari iliyochapwa, chai ya rangi yenye mchaichai tarehe 25 ni heshima, jamani.

Juzi nimempigia mama, nikamwomba kabla fundi hajaanza kuchimba msingi ang'oe mashina matatu yenye mizizi, ayafunge kwenye gunia bichi. Akacheka, akauliza nitapanda wapi, sakafuni? Yanakuja Jumamosi. Ndoo ninayo, udongo nitamwomba mwenye nyumba.