Kihisi hakikuwa mwongo

Nimepotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Ozi, nikimpeleka mama kliniki Garsen na kumrudisha. Safari ambayo kwa kawaida haimalizi robo tangi, mara hii ilikula nusu, na mama akawa anauliza mbona gari lanuka petroli.

Taa ya injini ilishawaka zamani. Kidude changu cha kusoma kompyuta ya gari kilitoa P0171: hewa nyingi, petroli kidogo. Na kihisi cha oksijeni, kile mafundi wanachokiita sensa, kimeganda kwenye volti 0.1.

Kihisi chenyewe ni kauri ya zirkonia iliyopakwa platini ndani na nje. Nje kinaguswa na moshi wa ekzosti, ndani na hewa ya kawaida. Kikipata moto wa nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzaa umeme. Petroli ikizidi, volti 0.9 hivi, hewa ikizidi, 0.1. Bosch walianza kukiuza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Kwa mtu wa programu ni sharti moja tu: chini ya 0.45 ongeza petroli, juu yake punguza.

Basi nikanunua kipya, bei ya kuumiza. 0.1 ileile. Nikaanza kushuku waya, kisha kompyuta.

Mjomba wangu hutengeneza injini za boti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu zima."

Akafungua plagi moja. Nyeusi tii, masizi matupu.

"Wewe wasema lina njaa? Hili limeshiba hadi lacheua."

Akaniambia niwashe, akaziba bomba la nyuma kwa kitambaa kibichi. Fsss! Mlio ukatoka chini ya injini: bomba limepasuka kwa kutu, kabla ya kihisi. (Chumvi hii ya bahari inayopanda mtoni na kuharibu mpunga wetu haibagui na chuma.) Hewa ilikuwa inavutwa pale, kihisi kinaipima kwa uaminifu, kompyuta inaongeza petroli, na hewa bado ipo.

Mjomba alifunga bati na waya, nikafika kwa mchomeleaji Garsen. Jioni namba zilikuwa zinacheza, 0.1, 0.8, 0.2, 0.9.

Kihisi cha zamani kiko mezani hapa, kizima kabisa. Mwenye gari linalokipokea aniambie.