P'aa Hapandi Paani

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo sileti shairi jipya wala uchambuzi wa vina. Naleta kisa cha herufi moja, P, na cha milisekunde chache ambazo nusura zinipotezee sauti ya marehemu baba yangu.

Mwezi wa Desemba mwaka 1991, nikiwa likizoni, nilimrekodi baba barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Nilitumia redio kaseti iliyokuwa na kipaza sauti chake ndani, nikaiweka juu ya kigoda karibu mno na kinywa chake. Alighani tarbia aliyoitunga mwenyewe, beti 7, kila mshororo mizani 16, na kibwagizo chake kilikuwa hiki: *P'aa hapandi paani, mwitu hata ungawaka*. Alikuwa akiwaasa vijana kwamba kila kiumbe kina kimbilio lake, na kwamba taabu haimgeuzi mtu akawa asichokuwa. Baba alifariki mwaka 1994. Picha zake tunazo kadhaa. Sauti yake imo katika kaseti hiyo moja tu.

Mwaka jana nilihofu kwamba utepe utaoza kabla wajukuu hawajamsikia babu yao. Nikaipeleka kaseti kwa kijana mmoja mtayarishaji wa muziki, ambaye niliwahi kumsomesha sekondari. Studio yake ni chumba kimoja kilichobandikwa sponji kutani. Aliniamkia, akanikalisha, akaigeuza sauti ya baba ikawa mchoro katika kompyuta. Sikuwahi kuiona sauti kabla ya siku ile. Irabu zilikuwa vilima vilivyoinuka na kushuka taratibu, lakini hapa na pale palisimama ncha kali kama miiba.

"Hii miiba, Mwalimu, ndiyo inayoumiza sikio," akaniambia. "Nitailainisha."

Alinifafanulia kwa subira, nami nikageuka mwanafunzi. Kila sauti ina mwanzo wake, na mafundi huuita ataki. Nilipomwomba neno la kwetu hakuwa nalo, basi tukakubaliana kuuita kishindo cha mwanzo. Katika ngoma, kishindo ni kiganja kinapokutana na ngozi. Katika kanuni, ni kucha inapouachia uzi. Katika usemi, ni midomo au ulimi unapofungua njia iliyozibwa, yaani vile vipasuo tulivyovisoma katika fonolojia. Kishindo hudumu muda mfupi sana, lakini aghalabu ndicho kilele cha sauti nzima. Kikiwa kikali kupita kiasi, huchosha sikio na hulazimisha sauti iliyobaki iwekwe chini. Fundi ana njia kadhaa za kukipunguza. Anaweza kuinua sauti kutoka kimya kidogo kidogo, kwa milisekunde chache, isianze kwa ghafla. Anaweza kutumia kifaa kiitwacho kompresa, ambacho hubana kila kinachozidi kiwango alichokiweka. Kompresa ikiamriwa kuitika upesi, tuseme ndani ya milisekunde 1, hukibana kishindo chenyewe. Ikiamriwa ingoje milisekunde 30, kishindo hupita salama na mkia wake ndio unaobanwa. Zipo pia programu zinazokitafuta kishindo peke yake na kukikata ncha.

Nilirudi baada ya siku tatu. Akanivisha spika za masikioni, na kwa beti moja nilifurahi mno. Mchakacho wa utepe ulikuwa umetoweka, kunguru wa Mji wa Kale wamenyamaza, na sauti ya baba imetulia kama maji mtungini. Kisha kikaja kibwagizo, nami nikasikia: *Paa hapandi paani*.

Paa la nyumba halipandi juu ya paa la nyumba!

Wasomaji wa pwani wameshanielewa. Wa bara naomba niwafafanulie. Katika Kimvita, na katika lahaja kadhaa za pwani, vipasuo visivyo na ghuna hutamkwa kwa namna mbili: pasi na mpumuo, na kwa mpumuo. Paa la nyumba halina mpumuo. P'aa wa mwituni anao. Weka kiganja mbele ya mdomo wako nawe utauhisi upepo wake. Vivyo hivyo kaa la moto si k'aa wa baharini. Pumzi hiyo si madoido ya wenye kujisikia. Katika nomino za ngeli ya I-ZI, ni mabaki ya nazali ya kale iliyodondoka mbele ya kipasuo na kuacha hewa mahali pake. Ni alama ya kaburi la sauti iliyokufa.

Sasa, pumzi hiyo hukaa wapi? Hukaa baina ya mpasuko wa midomo na mwanzo wa irabu, kwa makumi ya milisekunde tu. Hukaa, yaani, palepale penye kishindo cha mwanzo. Kifaa cha kulainisha kiliikuta pale kikaikata pamoja na ncha. Na kile cha kuondoa mchakacho kikamalizia kazi, kwa kuwa pumzi ya mtu na mchakacho wa utepe hufanana sana masikioni mwa mashine. Mara saba baba alitamka p'aa, na mara saba p'aa akauawa.

Baadaye nilipata kusoma kuhusu Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye mwaka 1948, mjini Paris, alirekodi kengele kisha akaukata ule mgoto wa kwanza. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele, kilishabihi zumari. Tunadhani kengele tunaitambua kwa mlio wake mrefu, kumbe sehemu kubwa ya utambuzi wetu imo katika ule mgoto wa mara moja. Naona na mwanadamu ni hivyo hivyo. Yule niliyemsikia studio alikuwa na kina cha sauti ya baba na mahadhi ya baba, lakini hakuwa yeye. Alikuwa mtu mpole aliyesomeshwa kusema.

Nikavua spika, nikamuuliza yule kijana, kwa ukali ninaoujutia: "Nani aliyekwambia uiondoe pumzi?"

Akanitazama, akajibu bila kinyongo: "Si wewe, Mwalimu? Kidato cha pili. Ulisema pumzi hiyo si Kiswahili Sanifu."

Sikuwa na la kusema, kwa sababu ni kweli. Chuoni nilikotayarishwa kuwa mwalimu nilifunzwa kusahihisha lafudhi, nami nilisahihisha kwa bidii kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto wa Mji wa Kale aliyesoma kwa sauti na kuitia pumzi katika p, t, k au ch, nilimkata alama, nikaandika pembeni: matamshi. Tahajia sanifu haina alama ya mpumuo, nami nikachukulia kwamba kisichoandikwa hakipo. Inanichoma zaidi nikikumbuka kwamba mkutano wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika hapa hapa Mombasa. Sina ugomvi na Kiswahili Sanifu; kimenilisha na kimetuunganisha. Lakini hakikuniagiza niwatoe watoto pumzi zao. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Baba alilijua. Jioni moja alinisikia nikimwelekeza mwanafunzi barazani, akangoja mgeni aondoke, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyo p'aa wenu wa skuli, mbona hapumui?" Nilicheka, nikadhani ni mzaha wa wazee. Leo najua kwamba lilikuwa swali, na kwamba alifariki sijalijibu.

Najua mjuzi wa sarufi ataniuliza: upatanisho hautoshi? Kiambishi *ha-* katika *hapandi* si kinaonyesha kwamba anayesemwa ni mnyama, maana paa la nyumba lingekuwa *halipandi*? Naam, unatosha kwa maana. Mtihani ungepita. Lakini shairi si maana peke yake. Baba alimweka p'aa mwenye pumzi mwanzoni mwa kipande na paa lisilo na pumzi mwishoni mwake, ili sikio liruke kutoka kwa mmoja hadi kwa lingine na lione umbali uliopo baina ya mnyama na nyumba. Pumzi ikiondolewa, hakuna cha kuruka. Hubaki neno moja lililosemwa mara mbili.

Tukaanza upya, safari hii tukiwa wawili. Nilichukua penseli, nikaliandika shairi lote na kuweka alama ya mpumuo kila inapostahili. Yeye akarudi kwenye nakala ya awali. Tukagundua kwamba ile miiba haikuwa ya aina moja. Mingine ilikuwa ya lugha. Mingine ilikuwa ni upepo wa kinywa uliokigonga kipaza sauti nilichokiweka karibu mno, kosa langu la mwaka 1991. Upepo huo huvuma chini kabisa, hivyo kijana alipozikata sauti za chini ya hezi 80 mahali palipogongwa tu, kishindo kikaondoka na pumzi ikabaki. Kompresa akaiamuru ingoje milisekunde 30. Ncha zilizobaki alizishusha moja moja kwa mkono, desibeli 3 au 4, akiniuliza kila mara: "Hii ni ya baba au ni ya kaseti?" Mchakacho tuliupunguza kidogo tu. Ilituchukua Jumamosi mbili kwa shairi la dakika nne.

Kunguru wamerudi, na siwachukii. Sauti hailii tena masikioni, ila ukiisikiliza karibu utahisi kama upepo unakufikia shavuni. Kwenye kibwagizo cha mwisho baba anavuta hewa, anamtoa p'aa wake, na p'aa anapumua.

Kijana alikataa malipo. Nilimwambia kwamba zile alama za kidato cha pili namrudishia. Akacheka, akasema amechelewa kuzitumia.

Ndugu zangu mlio na kanda za wazee wenu, zipelekeni studio mapema, kwani utepe haungoji. Lakini msizipeleke na kuondoka. Kaeni kando ya fundi na karatasi mkononi, maana yeye anajua kishindo kilipo, nanyi ndio mnaojua ni cha nani.