Mvuvi na Majira ya Wami

Kazi nyingi za mikono hupimwa kwa kile kilichotendwa. Mwashi hupimwa kwa ukuta wake, na mkulima hupimwa kwa ghala yake. Uvuvi wa mtoni una kipimo kingine juu ya hicho. Mvuvi hupimwa kwa samaki aliowatoa majini, lakini hupimwa vile vile, tena kwa haki zaidi, kwa samaki aliowaacha. Kipimo hiki cha pili hakionekani kapuni wala sokoni. Huonekana mwaka ujao, mvua zirudipo, mto ukawa una kitu au hauna kitu.

Mto Wami huanza mbali na bahari. Maji yake hukusanyika kutoka milima ya Ukaguru, Rubeho na Nguru, hupita katika tambarare za Mkata na Dakawa, kisha hukata nchi ya Wakwere, Wadoe na Wazigua mpaka Bahari ya Hindi, karibu na Saadani. Mtu atokaye Lugoba kwa barabara ya kaskazini iendayo Segera hupita Msata, kisha hushuka mteremko mpaka mtoni. Hapo pana daraja jembamba lililojengwa mwaka 1959, na jirani yake daraja refu lililoanza kutumika mwaka 2022. Wasafiri wengi huvuka bila ya kutazama chini. Lugoba yenyewe husifiwa kwa mawe na kokoto zake kuliko kwa samaki. Hata hivyo, wako watu wa upande ule waondokao kabla ya alfajiri kwa baiskeli, mshipi na ndoana zimeviringwa katika kitambaa, ambao kwao Wami ni shamba la pili. Mmoja wao, mzee wa ndoana na mgono, anaweza kusimama hapa kwa niaba ya wenzake.

Mwaka wake hauanzi Januari. Huanza siku ile mvua ya kwanza ya vuli inapopiga vumbi la Oktoba au Novemba, na kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu. Mto ambao kwa miezi mingi ulikuwa mwembamba na mweupe hugeuka rangi ya udongo. Kambare, ambaye wakati wa ukame hujibana katika madimbwi na matope, huamka. Samaki huyu amepewa kiungo maalum juu ya matamvua yake ambacho humwezesha kuvuta hewa kama kiumbe cha nchi kavu. Ndiyo sababu haangamii upesi pale maji yanapokuwa mabaya au machache. Mzee huchimba nyungunyungu chini ya migomba, hutia chubwi nzito kuliko ya kiangazi kwa kuwa mkondo una nguvu, naye huketi juu ya jabali jioni, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Hatua hizo si za uvivu. Wami una mamba na viboko, na mvuvi ainamaye majini giza linapoingia hubadilika mara moja kutoka mwindaji akawa mwindwa.

Kungoja kwake kuna elimu ndani yake. Perege huonja chambo. Mshipi hutetemeka kama uzi wa mshonaji, na mwenye haraka huvuta ndoana tupu. Kambare huja kwa namna nyingine: humeza, huondoka pole pole, na mshipi hukazana bila ya kutetemeka. Mkono wa mzee hutambua tofauti hii gizani, kama sikio litambuavyo sauti ya jirani nyuma ya ukuta. Elimu hii haikuandikwa popote, wala haiwezi kukopwa kwa siku moja.

Januari na Februari kaskazi huvuma, jua huwa kali, na mto hupungua tena. Hiyo ni zamu ya perege katika maji yaliyotulia. Dume huchimba kitako cha duara mchangani. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai kwa kinywa chake na kuyahifadhi humo mpaka yaanguliwe na vitoto vijiweze. Kwa majuma hayo mama hali chakula kwa kawaida yake, maana kinywa chake kimekuwa chumba cha watoto. Mvuvi anayemvua kwa wavu mwembamba na kumwona akitema vitoto mtumbwini ameona kwa macho yake hesabu ya mwaka ujao ikimwagika.

Kisha huja masika. Kutoka Machi hata Mei mto hujaa, hupanda kingo, na katika mabonde ya chini kuelekea Matipwili huenea katika majani na vichaka. Maji haya mapya ndiyo ambayo kambare alikuwa akiyangojea. Huacha mkondo mkubwa, huingia usiku katika nyasi zilizofunikwa, maji yasiyofika gotini, na humo hutaga. Jike mmoja mkubwa hubeba mayai makumi ya maelfu. Hushikamana na majani, huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili, wala baba na mama hawakai kuyalinda. Ulinzi wake wote ni wingi wake, na ya kuwa mahali pale hapana adui wengi wa kilindini.

Lakini mahali pale yupo adui mmoja mwenye miguu. Hakuna wakati ambapo kambare hushikwa kwa urahisi kama wakati huu. Mtu hahitaji ndoana wala subira. Panga, rungu au kipande cha chandarua kinatosha. Na hapa pana ugumu ambao wahubiri wa hifadhi aghalabu huupita kwa mwendo wa haraka. Miezi hiyo ambayo samaki ni wengi na wepesi ndiyo miezi ambayo ghala ni tupu. Mahindi ya masika yangali mabichi shambani, akiba ya mwaka uliopita imekwisha, na watoto wanakula mara moja kwa siku. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Hawakusema hivyo ili kumsifu, wala ili kumlaumu. Walitaja tu jambo walilolijua.

Usiku mmoja wa masika kama huo mzee alikuwa na mjukuu wake. Kambare mkubwa alinaswa pembezoni mwa mkondo, tumbo limevimba. Mzee alimpapasa, akaitoa ndoana, akamrudisha majini.

"Babu, mbona umemwachia? Nyumbani hapana mboga."

"Huyu alikuwa na mzigo, mjukuu wangu."

"Wenzetu kule majanini wanawachukua wenye mizigo."

"Nawasikia," alisema mzee. "Nao wana watoto."

Hakuongeza neno. Walirudi na perege wawili tu, na usiku ule walikula ugali wa muhogo. Jibu lake lililobaki lilikuwa katika huo muhogo, kama itakavyoonekana.

Jambo hili la samaki kupanda mto akiwa mzito wa mayai, na la watu kumngojea njiani, si la Wami peke yake. Katika Uskoti yuko samaki aitwaye samoni ambaye huzaliwa katika maji matamu ya mlimani, huenda kukua baharini, kisha hurudi kutaga katika mto ule ule uliomzaa. Akiisha kuingia mtoni hali tena. Huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Taifa lile lilijifunza mapema ya kuwa safari hiyo ina hatari. Sheria ya mwaka 1318, katika enzi ya Mfalme Robert wa Kwanza, iliamuru nyuzio za kunasia samaki ziachwe na mapengo ya kupitisha vitoto vya samoni. Mwaka 1424 bunge lilikataza kuwaua katika majira ya kutaga. Hata leo kila mto una tarehe zake. Katika mto Tay, ndoana huingia majini tarehe 15 Januari na kutoka tarehe 15 Oktoba. Na siku ya Jumapili samoni haivuliwi. Mwanamke mmoja, Georgina Ballantine, alimvua katika mto huo samoni wa ratili 64 tarehe 7 Oktoba 1922, siku chache tu kabla ya mlango wa mwaka kufungwa, na hakuna mwingine katika Uingereza nzima aliyepata kumzidi kwa fimbo na mshipi. Katika miaka ya 2010, samoni walipozidi kupungua, iliamriwa ya kwamba anayenaswa kabla ya tarehe 1 Aprili sharti arudishwe hai.

Mfano huu una mafundisho, lakini una mtego pia. Mvuvi wa Tay leo aghalabu hulipa fedha nyingi ili apate kusimama mtoni, na arudipo mikono mitupu chakula chake cha jioni hakikupungua. Kwake kumrudisha samaki ni adabu ya mchezo. Kwa mzee wa Lugoba ni kukata sehemu ya mlo wa nyumba yake. Matendo yao yanafanana kwa sura, wala hayafanani kwa uzito.

Tanzania nayo ina sheria. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imepiga marufuku sumu na baruti, na serikali imeonyesha ya kuwa inaweza kuufunga msimu: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kutoka Mei hata Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaa. Lakini katika Wami, kwa muda mrefu, aliyefunga mlango alikuwa mto wenyewe. Mafuriko yalikuwa mapana, njia zilikuwa matope, mamba walikuwa wengi, na zana zilikuwa chache. Mtu alijizuia kwa sababu alizuiwa. Siku hizi nyavu ni rahisi, chandarua kipo katika kila nyumba, pikipiki hufika pale ambapo miguu haikufika, na majani ya utupa yakipondwa hulevya samaki wa dimbwi zima, wakubwa kwa wadogo. Mlinzi wa zamani ameshindwa nguvu. Aliye na uwezo wa kushika zamu yake ni mtu mwenyewe, naye ndiye aliye na njaa.

Hapa ndipo muhogo wa mzee unapopata maana. Kila mwaka, kabla ya vuli, yeye na mkewe hupanda kipande cha mihogo ambacho hakiguswi mpaka masika yafike. Jirani hudhani ni shamba dogo la mzee asiye na nguvu. Kwa kweli ni sehemu ya zana zake za uvuvi, kama ndoana na chubwi. Mihogo ile ndiyo imwezeshayo kuvua kwa mshipi mmoja katika mkondo mkubwa na kuyaacha majani kwa wenye kutaga. Msimu uliofungwa mtoni huanza kufungwa shambani. Anayetaka watu waache samaki wa masika bila ya kuuliza watakula nini masika, amejenga mlango bila ya bawaba.

Malipo ya kungoja hayakawii sana. Kipupwe kinapoingia, Juni na Julai, maji hurudi nyuma. Samaki, wakubwa pamoja na kizazi kipya, huteremka kutoka mabondeni kwa vijito vyembamba kurudi mtoni. Sasa mzee hujenga uzio wa fito na kutega migono yake. Haya ndiyo mavuno halali ya mwaka, na hayafanywi kwa aibu. Wanawake hubanika kambare juu ya chanja kwa moshi wa siku nzima, nao hupelekwa Msata na Lugoba, wakiwa weusi na wakavu, na kulipia daftari, chumvi na sabuni. Samaki aliyeachwa Aprili amerudi Julai na jamaa zake.

Kuna samaki wawili zaidi ambao humkumbusha mzee ya kuwa mto si mali ya watu wa ukingo mmoja. Wa kwanza ni mkunga, ambaye mwendo wake ni kinyume cha samoni. Wakunga wa mito ya pwani hii hutagwa katika bahari kuu, wataalamu wakiamini kuwa ni upande wa mashariki wa Madagaska. Hufika mitoni wakiwa wembamba na waangavu kama kioo, hukaa katika maji matamu miaka mingi, kisha hushuka baharini mara moja tu, kutaga na kufa. Wa pili ni kamba, anayezaliwa baharini na kulelewa katika mikoko ya milango ya mito, kabla ya kurejea kwenye kina. Wavuvi wa Bagamoyo na Saadani hula matunda ya maji ambayo wao hawakuyaona yakishuka mlimani. Kwa hiyo mpunga wa Dakawa, miwa ya Mtibwa, mabomba yapelekayo maji Chalinze na mkaa uchomwao katika vilima, yote yana sauti katika kapu la mvuvi, hata kama hakuna aliyemwita barazani kumwuliza.

Upepo wa demani ukianza, Septemba, kazi ya majini hupungua. Mzee huketi chini ya mwembe kutengeneza migono iliyochakaa, na mjukuu humletea fito. Kijana hupenda kuzibana sana, ili asitoke hata mmoja. Mzee huzifungua, huweka vidole vyake viwili kati ya ufito na ufito, hufunga upya kwa kipimo hicho, kisha humrudishia kazi aimalize.